Mashine Nayo Inywe Kahawa

Kuna jambo ambalo ningependa wanafunzi wangu wasilisome. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao, katika skuli moja ya Mjini Unguja, nikieleza kwa sauti ya mtu anayejiamini kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa chini usiuone, na kwamba hauhitaji moto mkubwa kuripuka. Hata picha yake huwa naichora kwa chaki za rangi. Na mtu huyu mwenye elimu yote hiyo, siku ya harusi ya binti yake, alilowa petroli kifuani kisha akaenda kujifukiza udi.

Kama leo bado nina ngozi yangu mwilini, hiyo ni kazi ya Fundi. Na kama kwa miaka mitatu baada ya siku ile sikumwambia hata ahsante, hiyo ni kazi yangu mwenyewe.

Ana jina lake, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia. Banda lake liko Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, na kazi yake ni mashine ndogo za petroli: jenereta za madukani, pampu za wakulima wa mboga, mashine za kukatia majani zinazoletwa kutoka mahoteli ya Paje zikiwa zimejaa mchanga. Pia hukodisha jenereta yake moja kwa harusi na khitma, na huenda nayo mwenyewe, maana hamwamini mtu. Ni mfupi, mkavu, na nyusi zake ni za kutafuta. Siku moja nilimuuliza zimekwenda wapi. Akajibu, "Zimekwenda na kiberiti," akaendelea kusugua plagi ya jenereta.

Nilimjua kwa aibu, na karibu kila nilipokutana naye baadaye ilikuwa ni kwa aibu nyengine. Mara ya kwanza nilikuwa nimenunua jenereta ndogo, kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika na mke wangu anauza malai na juisi za kugandisha. Niliivuta kamba asubuhi nzima. Bega liliniuma mpaka nikashindwa kuandika ubaoni. Nikampelekea Fundi, nikamweleza kitaalamu kwamba nashuku mgandamizo katika silinda umepungua. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akabonyeza swichi, ambayo mimi nilikuwa sijaigusa, akavuta kamba mara moja, ikanguruma.

"Mgandamizo umerudi," akasema.

Hakucheka. Laiti angecheka, ningepata cha kumchukia mapema.

Jambo alilojulikana nalo zaidi ni subira yake ya kutia mafuta, na ndilo lililokuwa likiwatia watu wazimu. Mashine ikikaribia kuishiwa, yeye huizima kabla haijajizimia, hufunga koki ya mafuta, halafu huondoka. Harusi inaweza kuwa imefika patamu, mwimbaji kafungua mdomo, spika zimekata, na wanawake wanapiga kelele, "Fundi! Fundi!" Fundi yumo njiani kumfuata muuza kahawa. Atakunywa vikombe viwili na kipande cha kashata. Ukimfuata kumuharakisha atakwambia, "Mashine nayo inywe kahawa." Akirudi huiwekea mgongo wa mkono, asiiguse, aisikilizie joto lake tu, kama mama anavyompima mtoto paji la uso.

"Bado ina homa," husema. "Utamlisha mtoto pilau na homa yake?"

Na hurudi kwenda kunywa kikombe cha tatu.

Ikishapoa huichukua faneli yake, ambayo hamuazimi mtu, na humimina pole pole mpaka vibakie vidole viwili kufika mdomoni. Hajazi. "Iache nayo ipate pumzi," husema, maana mafuta yakipata joto hujaa yenyewe. Hufuta, hufunga dumu, hulipeleka mbali. Mashine yenyewe huisogeza hatua kadhaa kutoka pale alipoitilia mafuta. Kisha hupiga magoti na kuinusa, juu, chini, kwenye koki, kwenye mpira, kama bibi anayechagua samaki Darajani na ambaye jana aliuziwa wabovu. Pua yake ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Ikisema hapana, hawashi, hata kama bwana harusi mwenyewe atamlilia.

Muuza kahawa naye alikuwa na sheria yake. Mnamjua anavyotembea, dele la kahawa mkono mmoja, na chini yake makaa yanawaka. Mbele ya banda kuna nguzo ya umeme, na hapo ndipo mwisho wake. Fundi alimpigia mstari wa rangi nyeupe chini. Anayetaka kahawa, akiwemo Fundi mwenyewe, anaifuata kwenye mstari. Nilimwona akimrudisha mzee mmoja mheshimiwa sana kwa sababu ya sigara sikioni, haijawashwa hata hiyo sigara. Mzee akanuna. Fundi akamletea kiti nje ya mstari, akampa heshima zake zote huko huko.

Lakini msimfanye walii. Mtu huyu aliyekuwa akiipumzisha mashine kama mzazi alikuwa akipanda baskeli isiyo na breki, akisimama kwa kuburura kandambili chini, na kona ya sokoni aliipita akisoma dua kwa sauti. Dawa zake za presha alikuwa akizimeza siku akikumbuka. Nyumbani kwake hakuwa na jenereta. Umeme ukikatika alikuwa akikaa na tochi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mchana kutwa nnazisikiliza. Na usiku nnazo tena?" Alikuwa hapendi maneno mengi, ila akisafisha kabureta alikuwa akiimba taarabu za zamani kwa sauti mbaya ajabu, na ukimsifu anaacha.

Aibu yangu ya pili ilihusu chupa. Nilikuwa nikiweka petroli katika chupa za maji ya kunywa, nazipanga jikoni, mbali kidogo na jiko, nikiona nimechukua tahadhari. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Fumba siku ya joto kali, akaingia jikoni, na alikuwa ameshafungua kizibo ndipo pua ikamwokoa. Yeye na mke wangu hawakunisemesha mpaka alipoondoka. Nilipomhadithia Fundi nikidhani atacheka, aliinuka, akanipa dumu jekundu, akasema likae nje, kivulini, na mfuniko umekazwa. "Hata Mwalimu akiwa na kiu," akaongeza, "hili halinyweki."

Ya tatu si ya kuchekwa, ingawa mimi nimo. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya kuta nene na ngazi nyembamba, na kichochoroni hakuna pa kuweka kitu. Nikaiweka jenereta chini ya ngazi, ndani, mlango umefungwa wezi wasiione. Siku moja Fundi alikuja mjini kwa shughuli zake, umeme ukiwa umekatika, akapiga hodi. Nilimfungulia. Hakujibu hata salamu yangu. Alinipita, akaizima mashine, akaibeba na moto wake kwa vitambaa mikononi mpaka nje, kisha akarudi kufungua madirisha yote, moja moja, katika nyumba isiyo yake.

"Mkeo anaumwa na kichwa?" akaniuliza alipomaliza.

"Wiki nzima sasa."

"Na wewe?"

"Kidogo. Tena nna usingizi usingizi. Nnadhani ni kazi."

"Siyo kazi, Mwalimu. Petroli ina adabu, inakuonya kwa harufu. Moshi huu ndani yake mna sumu haina rangi, haina harufu. Unalala nayo, huamki nayo. Nje. Mbali na mlango, mbali na dirisha. Ukiogopa wezi, ifunge mnyororo."

Mke wangu alikuwa ameketi ngazi za juu, kichwa ameegemeza ukutani. Kwa wiki nzima alikuwa akisema kichwa kinamuuma, nami nikimwambia anywe maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuumiza, ghorofa moja chini yake, na hesabu zote za gesi nikizijua kwa moyo.

Baada ya hayo mngetegemea nimeshafunzika.

Salma, binti yetu, aliolewa nyumbani kwa mjomba wake Fumba, ambako kuna uwanja. Nikah ilikuwa baada ya alasiri, na umeme, kama mgeni aliyealikwa akakataa, haukuja. Fundi aliletwa na jenereta yake. Alichagua pahala upande wa pili wa uwanja, mbali na masufuria ya pilau yaliyokuwa yakichemka juu ya kuni, na nikaona aibu kidogo kwa jinsi alivyonyoosha waya mrefu kukatiza katikati ya wageni. Mambo yakaenda vizuri. Kisha akaizima, akafunga koki, akaondoka kwenda kutafuta kahawa.

Wakati huo huo tukaambiwa gari za upande wa bwana harusi zimeshakata kona. Maikrofoni imekufa. Feni zimekufa. Shekhe anajipepea kwa kofia. Mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kuozesha, na nilikuwa nimevaa kanzu mpya ya rangi ya maziwa ambayo mke wangu aliidarizisha kola yake kwa miezi. Nikamtazama Fundi kule barabarani na kikombe chake, nikasema moyoni: mzee huyu anatufanyia makusudi.

Nikaenda mwenyewe. Faneli sikuiona, alikuwa ameifungia. Nikaliinua dumu, nikamimina hivi hivi. Dumu likikosa hewa hugugumia na kurusha, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tisa nimemfundisha. Likagugumia. Petroli ikanirukia kifuani, ikateremka mpaka tumboni. Kwa nini mashine ile ya moto haikuniwakia pale pale, sijui, na sina fizikia ya kulieleza.

Nikaona doa litakauka. Tatizo langu likawa harufu. Wakwe wanateremka garini na mimi nanuka kama kituo cha mafuta! Shangazi yangu akapita karibu, akakunja pua.

"Ee, mwanangu, hunuki vyema. Wageni hawa wamefika. Njoo nikufukize upesi."

Na chetezo alikuwa nacho mkononi, makaa mekundu, udi unafuka moshi mzuri. Kwetu mtu akifukizwa husimama juu ya chetezo, akaitandaza kanzu pande zote moshi upande ndani yake. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo, miguu inajua yenyewe. Shangazi akakiweka chini. Nikaishika kanzu kwa mikono miwili, nikaitanua, nikakisogelea. Nakumbuka nilikuwa nikitabasamu, kwa sababu baba mkwe wa Salma alikuwa ananitazama.

Zilibakia hatua mbili.

Sikumsikia akija. Nilisikia ndoo. Maji yaliyooshewa mchele, ndoo nzima, yalipita mbele yangu yakaangukia chetezo, makaa yakalia shaa, na nusu ya maji ikanirukia mimi. Fundi alitupa ndoo, akanishika kola ile ya darizi, akanivuta nyuma hatua kumi kama mtu anayemburura mbuzi.

"Vua!"

"Fundi, wageni..."

"Vua, n'nakwambia!"

Sikuvua. Akanivua. Vifungo viliruka. Nikabaki mbele ya wakwe zangu, mbele ya shekhe, na msuli kiunoni na fulana yenye tundu chini ya kwapa, punje za mchele zimeniganda shingoni. Uwanja wote ulikuwa ukitazama. Fundi, akihema kwa nguvu, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji spika:

"Mwalimu, leo harusi ya mwanao. Unataka kumkalisha mkeo eda?"

Watu wakacheka. Kwanza mmoja, kisha uwanja mzima, mpaka shekhe. Nilinawa kwa sabuni, nikaazimwa kanzu na shemeji, ambaye ni mfupi, ikanikomea chini ya magoti kidogo, na nikamwozesha binti yangu nikiwa nimevaa hivyo. Picha zipo. Kanzu yangu Fundi aliitundika kwenye uzio wa mbali, akakaa karibu yake kuilinda asije mtu na kiberiti, na pilau lake alilila huko.

Siku ya Jumatatu mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni, kwa hati nzuri, "Mwalimu Udi." Jina limeniganda mpaka leo. Nikaamua kwamba ni Fundi aliyelisambaza, kwenye kahawa yake, kikombe kwa kikombe. Nikaacha kwenda kwake. Plagi nikanunua kwengine. Nikienda soko la Mwanakwerekwe nilizunguka upande wa machungwa nisipite mbele ya banda, na mara moja nilijificha nyuma ya matenga ya tungule, yaani nyanya, mtu mzima mimi. Miaka mitatu. Salma amezaa, mtoto ameanza kutembea, na mimi nimenuna na mtu aliyenifanya niwe babu badala ya marehemu. Usiku nikilala nilikuwa nikijua hivyo. Asubuhi aibu ilinirudia.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Jenereta iligoma, akaniwekea mlangoni, akasema, "Nenda kwa mwenyewe. Ukirudi na mashine bila ya salamu zake, usiingie nayo ndani."

Nilikwenda asubuhi. Fundi alikuwa ameketi ndani ya banda, amezeeka ghafla, magoti ameyafunga vitambaa. Mbele yake kuna pampu ya maji juu ya meza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama, wala hakushangaa. "Umekuja wakati mzuri, Mwalimu. Sogea. Ninusie hii."

Nikadhani ananitania. Nikabaki nimesimama na jenereta mkononi.

"Sikutanii. Nliugua mafua mwezi uliopita, mafua yakenda zake, na pua ikafuatana nayo. Hata karafuu sisikii. Hata mchuzi." Akashusha sauti. "Sijamwambia mtu. Wakijua, nani ataniletea mashine? Nnawasha kwa kubahatisha."

Nikainama, kwa pua ile ile ambayo siku ya harusi haikuiogopa petroli ya kifuani mwangu mwenyewe. Sikuhitaji kunusa mara mbili. Harufu ilinipanda mpaka machoni. Nikatazama chini ya meza: mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka, tone, tone, na gunia lililotandikwa miguuni mwake limelowa, na kandambili zake pia. Mzee alikuwa amekaa asubuhi nzima ndani ya petroli, hana habari.

Na hapo nikasikia vikombe vikigonganishwa.

Muuza kahawa alikuwa anakuja. Nguzoni hakusimama. Tangu magoti ya Fundi yaharibike, alikuwa ameruhusiwa kuvuka mstari na kumletea kahawa mpaka mezani, kwa sababu Fundi alisema kukiwa na hatari ataisikia harufu yake; na pua ilipomtoka hakumrudisha, siri isijulikane. Alikuwa ameshavuka. Makaa yanawaka chini ya dele, anatabasamu, anasema, "Fundi, yako tayari."

"Simama!" Sauti ile sijui ilitoka wapi, darasani sijapata kuwa nayo. "Simama hapo hapo! Rudi nyuma! Rudi nguzoni, rudi!"

Akarudi kinyumenyume, kahawa inamwagika. Nikafunga koki. Nikamwinua Fundi kwa makwapa, nikamtoa nje. Kandambili zake na gunia nikavitupa mbali, uwanjani. Miguu nikamwosha mwenyewe kwa sabuni, nimechutama mbele yake kwenye vumbi, suruali ya skuli imelowa, na watu wa soko wamesimama kutazama. Safari hii sikujali nani anatazama.

Tulikunywa kahawa nje ya mstari, yeye peku, mimi suruali ikinigandama magotini. Niliona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Fundi, ahsante."

"Ahsante ya nini? Si wewe ulienusa."

"Ahsante ya kanzu."

Akafikiri. Akafikiri kweli kweli, amekunja pahala nyusi zilipokuwa.

"Kanzu ipi?"

Nikamkumbusha: Fumba, chetezo, maji ya mchele. Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko mingi. Amewavua watu wengi, akasema, na wengine aliwaosha. Hakumbuki wote, wala hajapata kumhadithia mtu, maana mwenyewe aliwahi kuvuliwa. Akajipapasa paji la uso. Jina la Mwalimu Udi hajalisikia. Baadaye niligundua aliyelisambaza ni shangazi.

"Sasa," akasema, "kesho utapita saa ngapi?"

"Kesho?"

"Pua, Mwalimu. Mimi sina."

Kwa hivyo siku hizi kila asubuhi kabla ya skuli napita Mwanakwerekwe. Muuza kahawa anasimama nguzoni, mstari tumeupaka rangi upya. Fundi ananipangia mashine za siku ile. Nakunja suruali, napiga magoti, nanusa juu, chini, kwenye koki, kwenye mpira. Yeye anasubiri na kamba mkononi, na hawashi mpaka mimi niseme.